Fidla ya Baba Iko Msumarini

Chicago, 11 Machi 1984

Mpendwa mdogo wangu Senan,

Pokea mkono wangu kutoka mbali, na Baba naye umshike mkono kwa niaba yangu, ule wa kushoto, maana wa kulia ni wa upinde wa fidla na hapendi uguswe. Huku theluji imeanza kuyeyuka, imebaki ile chafu tu kando ya barabara. Goti la mume wangu Stan linamsumbua, lakini anapanda ngazi za stesheni mbio kama kijana, halafu jioni anagumia kama mtoto na kuniuliza mafuta ya kuchulia yako wapi. Mimi niko palepale, jikoni mwa hospitali, naponda viazi kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuonja kiazi cha kweli.

Nina mambo mawili.

La kwanza, kaseti ya Krismasi haikufika. Tangu nilipomtumia Baba ile mashine ya kurekodi, hajakosa mwaka hata mmoja. Nilikuuliza Januari ukanijibu habari za ng'ombe. Nikauliza tena, ukanijibu habari za ng'ombe mwingine. Nawapenda ng'ombe wako, Senan, lakini sikuwaulizia.

La pili, nakuja. Hospitali wamenipa likizo ya Agosti na Stan amekubali kujipikia, Mungu amsaidie. Baba ana miaka sabini na tisa. Nataka niketi kwenye kona ya baa ya Hehir, moto unichome mgongo, nimsikie akipiga ile tuni ya fidla aliyorithi kwa Shangazi Honor kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mara moja tu kabla hatujazikana. Mengine yote ya safari hiyo ni nyongeza.

Niambie kama utanipokea uwanja wa ndege au nipande basi.

Dada yako,
Ita


Portacarra, 2 Aprili 1984

Dada Ita,

Salamu zako zimefika, ingawa kabla hazijafika kwangu zilipitia kwa Bridie Talty wa posta, ambaye aliniambia "Ita anakuja Agosti" hata sijaipasua bahasha. Nikamuuliza amejuaje. "Bahasha ina uso wa furaha," akasema. Ndiyo maana sikupigii simu. Simu ya kijiji hiki bado inapita mezani kwa yule mama, na ukinong'ona kitu Jumatatu, Jumapili paroko anakihubiri.

Mimi mzima. Wiki jana niliingia mtaroni na trekta nikipeleka maziwa kiwandani, si kwa ulevi, kwa mawazo. Majirani waliokuja kunivuta walisema ni mara ya kwanza kuona mawazo yakinifanyia kitu. Ngoma yangu bado naipiga. Mbuzi aliyetoa ile ngozi angejua itaangukia mikononi mwa nani, angekimbilia baharini.

Baba mzima pia. Anakula, anasoma gazeti na kugombana nalo. Kuhusu kaseti, mashine ina tatizo.

Sasa, Agosti. Dada, Agosti si mwezi mzuri. Paa la chumba chako linavuja. Halafu kuna mvua. Halafu kuna watu! Hujui kijiji chako kimekuwaje. Wanakuja kwa mabasi makubwa yanayoziba barabara mpaka ng'ombe wangu wanapita kwa zamu. Wiki jana mwanamke mmoja mwenye kamera aliniomba nisimame karibu na punda wa jirani yetu Packie. Nikasimama, nikavua kofia, nikatabasamu vizuri. Akatazama, akafikiri, akaniambia, "Samahani, sogea kidogo." Nikasogea. "Kidogo tena." Nikasogea mpaka nikatoka kwenye picha. Alimtaka punda.

Na Flannan Hehir, tangu marehemu baba yake alipomwachia ile baa, amejenga jukwaa. Jukwaa, Ita! La mbao, lenye kipaza sauti, pale palipokuwa na meza ya kucheza karata. Watu waliokuwa wakipiga muziki wakitazamana, magoti yakigusana, sasa wamepangwa mstari mmoja wakitazama watu kama washtakiwa mahakamani. Nikiandika habari hizi kalamu inatoboa karatasi. Basi, acha.

Njoo mwakani. Au mwaka wa baada yake.

Mdogo wako,
Senan


Chicago, 29 Aprili 1984

Senan,

Salamu kwa Baba. Wewe zako nitazituma siku nyingine.

Jumamosi nilikwenda duka la Waairishi linalouza vitu vya kwetu, kule Western Avenue, kununua chai. Na dirishani, kati ya chapati za viazi na rozari, ni nani ananitazama? Baba yangu. Kwenye bango kubwa la kuwaita watalii. Amevaa kizibao ambacho sijawahi kukiona na kofia ambayo nina hakika si yake, kwa sababu imemkaa kama kifuniko cha sufuria. Fidla iko kidevuni. Chini yake wameandika kwa rangi ya kijani: "Portacarra! Mzee Mártan Marrinan, mpiga fidla wa kale, kila jioni katika baa ya Hehir."

Kila jioni.

Nilisimama pale kwenye upepo mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama ninajisikia vibaya. Nikamwambia huyo ni baba yangu. Akaniambia, "Hongera!" Hongera!

Sasa naelewa kwa nini Agosti kuna mvua. Naelewa paa. Mzee wa miaka sabini na tisa mnamtoa kila jioni kama dubu wa sarakasi, akacheze mbele ya mabasi, na wewe unakaa pembeni na ngoma yako unaniandikia habari za punda! Ulifikiri dada yako akija ataona, basi ukaamua asije.

Na kwa kuwa nimeshaanza kukasirika, ngoja nimalizie. Tulipokuwa watoto, nani aliwekewa fidla mkononi? Wewe. Ukaitesa miaka minne mpaka majirani wakaleta malalamiko. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza, nikisikia kila kosa lako na kujua lilipaswa kuwa nini, na hakuna hata mtu mmoja aliyenigeukia na kusema, "Ita, na wewe jaribu." Niliambiwa nitazame chungu kisichemke kikamwagika. Sijalisema hili tangu nipande ndege. Leo nimelisema.

Nijibu ukweli. Ukinitajia ng'ombe naichoma barua.

Ita


Portacarra, 15 Mei 1984

Dada yangu,

Umenipiga na nimenyamaza, isipokuwa mahali pamoja: sikulijua bango. Naapa kwa kaburi la Mama, sikulijua. Nilipofika kwenye neno "dubu" nilisimama katikati ya barabara, na Bridie, aliyekuwa dirishani akisubiri kuona sura yangu, akafunga pazia kwa hofu.

Ukweli ni huu, na nimeuficha kwa sababu sikujua namna ya kuukalisha kwenye karatasi. Baba hapigi kila jioni. Baba hapigi kabisa. Fidla iko msumarini, ukutani karibu na saa, tangu Septemba.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya watalii. Flannan alikuwa amemvalisha ile kofia na kile kizibao majira yote ya joto, na Baba alivaa kwa ajili ya urafiki wake na marehemu baba mtu. Alipanda jukwaani. Alivumilia kipaza sauti. Alivumilia watu kupiga makofi mahali pasipostahili. Siku ile akaanza ile ya Shangazi Honor, ambayo unajua haitoi kwa kila mtu, na alikuwa amezama kabisa, macho yamefungwa. Nje dereva wa basi akapiga honi. Baba hakusikia. Akapiga tena. Na Flannan akapanda jukwaani akitabasamu kwa watu, akanyoosha mkono, akaushika upinde.

Akaushika, Ita. Katikati ya tuni.

Katika kijiji hiki nimeona watu wakigombana wakati muziki unaendelea. Nimeona mtu akizimia. Usiku ule ghala la kina Talty liliposhika moto, watu walisubiri duru ya muziki iishe ndipo wakachukua ndoo. Sijawahi kuona mtu akiugusa upinde wa mwenzake. Baba akafungua macho, akatazama ule mkono. Akavua kofia, akakivua kizibao, akavikunja vizuri juu ya kiti chake, akatembea nyumbani. Akatundika fidla. Akaniuliza kama kuku wamefungiwa.

Tangu siku hiyo hatujalizungumza. Na wewe unajua kwetu mpigaji haombwi. Ukimwomba umempa nafasi ya kukataa, na Baba akishakataa kwa mdomo, hilo limekwisha mpaka Siku ya Hukumu. Basi watu wanakuja. Packie anakuja, anakaa, anasema mvua inakuja, anatazama msumari, anasema naona inakuja kweli, anaondoka. Mke wa mwalimu amekuja na keki. Paroko amekuja na mafua yake. Wote wanautazama ule msumari kama picha ya Moyo Mtakatifu, na Baba anawapa chai.

Ndiyo maana nilikuambia usije. Si kwamba ungemwona akipiga. Ni kwamba ungekuja kutoka Chicago kukaa kwenye kona ya Hehir, na usisikie kitu.

Kuhusu fidla ya utotoni, umesema kweli. Una haki. Mimi mwenyewe ningefurahi sana kama ungechukuliwa wewe, vidole vyangu vingepumzika mapema.

Sasa nikueleze nilichofanya na barua yako. Niliingia baa nayo mkononi.

"Karibu, Senan," Flannan akasema. "Nikumiminie nyeusi?"

"Sitaki bia." Hapo baa nzima iligeuka. Hawajawahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu. "Baba yangu anapiga hapa kila jioni?"

"Aa, lile bango. Lilichapishwa zamani, kabla ya... kabla ya yale."

"Yale yapi? Yataje."

"Senan, jamani, basi lilikuwa linaondoka. Watu walikuwa na ndege ya kuwahi."

"Na wewe ukaushika upinde."

"Niliugusa."

"Uliushika."

"Niliuwekea mkono tu! Kidogo hivi!"

Packie akasema kutoka kwenye kona yake bila kuinua kichwa, "Maparoko wamembatiza Mártan, wakamwozesha, wakamzikia mke. Hakuna aliyewahi kumwekea mkono kwenye upinde. Hata kidogo hivyo."

"Nyinyi wote," Flannan akasema, na nikaona ana hasira kwelikweli, "kabla ya mabasi mlikuwa saba humu ndani, mnanunua glasi moja mnaikalia mpaka nafunga. Baba yangu alikufa na paa limeoza. Nifanye nini, nihesabu tuni?"

Hilo lilinizidishia hasira. Nikatoka. Na kule barazani, Ita, ndipo nikakiona kiti. Kiti cha Baba, kile cha kamba za majani chenye mguu uliofungwa waya. Kimewekwa karibu na mlango na kibao juu yake: "Kiti cha Mártan, mpiga fidla. Keti upigwe picha." Na juu yake ameketi Mjerumani mmoja mnene, mkewe ana kamera.

"Inuka, bwana," nikamwambia.

"Picha?" akauliza, akanisogezea nafasi kwa ukarimu.

"Si picha. Kiti ni cha baba yangu."

Akakitazama kibao, akanitazama mimi, akaruka na kuwa mwekundu kama mtu aliyegundua kakaa juu ya altare. Nilipokinyanyua, akashika upande wa pili bila kuambiwa. Tukapandisha naye kilima chote kwenye manyunyu, hatuelewani neno, yeye akisema "samahani, samahani" kwa lugha yake, nadhani. Mkewe alitufuata akipiga picha. Kwa hiyo mahali fulani Ujerumani, kwenye albamu ya watu, niko mimi nimebeba kiti mvuani. Punda hayumo.

Baba alikuwa mlangoni.

"Kimekaliwa na nani?" akauliza.

"Na Ulaya nzima."

Kisha akaenda akaleta soksi zake mbichi, akazianika juu yake.

Hivyo ndivyo tulivyo. Sijui nifanye nini.

Senan


Chicago, 10 Juni 1984

Mdogo wangu,

Nisamehe yale ya dubu. Yale ya chungu siyaondoi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikiwa kwenye treni ya kazini, na kila nikifika kwenye ule mkono juu ya upinde nashuka kituo kisicho changu. Flannan Hehir! Mtoto niliyemfuta kamasi kwa aproni yangu mwenyewe!

Ndani ya bahasha hii utakuta kaseti. Kabla hujaiweka, sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu wa huko. Mwaka ule Baba alipotuma kaseti ya kwanza, nilinunua fidla kwenye duka la vitu vilivyotumika. Nilishuka nayo chini, kwenye chumba cha bomba za maji moto, nikaweka mashine juu ya ndoo, nikampiga Baba na kumrudisha, nikampiga na kumrudisha. Majirani walimuuliza Stan kama tumefuga kitu. Sikutaka Baba ajue. Niliwaza, akijua atasema "aa" na kuendelea na gazeti, na hiyo "aa" nisingeweza kuivumilia.

Sasa napiga kwenye klabu ya Waairishi, Alhamisi. Watu wananiomba ile ya Shangazi Honor, nami nimewafundisha wote kama anavyoipiga Baba kwenye kaseti ile, kila pumzi, pamoja na kule kusimama kwenye sehemu ya pili, pale anaponyanyua upinde na kupiga kishindo cha mguu, halafu anaendelea. Pale ndipo wanapopapenda zaidi. Ukumbi mzima unasimama, unapiga kishindo, unaendelea.

Kwenye hii kaseti anayepiga ni mimi, lakini usimwambie. Usimwombe kitu. Iweke tu isikike, kama redio. Kama hakuna kitakachotokea, basi sitakuja, na hutasikia tena habari za kona ya Hehir kutoka kwangu.

Ita


Portacarra, 9 Julai 1984

Dada Ita,

Keti chini. Stan na goti lake naye aketi.

Kaseti ilifika Ijumaa. Bridie aliitikisa, akasema "hii siyo barua tu." Nikaiweka mfukoni mpaka jana Jumapili. Tulitoka Misa, nikachemsha viazi vipya, nikakaanga vibua alivyoleta Packie, naye Packie akabaki kula, kwa sababu hajawahi kuleta samaki mahali akaondoka. Baba alikuwa akimenya kiazi chake kwa kisu cha mfukoni. Soksi zilikuwa kwenye kiti.

"Ita ameleta muziki wa Chicago," nikasema, nikabonyeza.

"Chicago wana muziki?" Baba akasema.

Ukaanza. Ita, mimi ni mpiga ngoma, sina haki ya kusema lolote kuhusu fidla, lakini nilikitazama kisu cha Baba. Kilisimama katikati ya kiazi.

"Nani huyo?"

"Mtu wa kule."

"Mtu wa kule gani? Huo ni mkono wa Shangazi Honor. Sikia anavyougeuza. Huyo amefundishwa na mtu wa hapa." Akamgeukia Packie kwa ukali, kama Packie alikuwa akienda Chicago kwa siri. "Umemfundisha wewe?"

"Mimi napiga kinanda cha mkono, Mártan," Packie akasema, mdomo umejaa.

Ikafika sehemu ya pili. Ukasimama. Kishindo. Ukaendelea.

Baba akaweka kisu chini. "Rudisha."

Nikarudisha. Kishindo tena.

"Kwa nini anasimama pale?"

"Sijui, Baba."

"Hakuna kusimama pale! Nani amemwambia asimame pale? Tuni ilikuwa inapanda kilima, mtu hasimami katikati ya kilima kupiga mguu chini kama farasi! Rudisha."

Nikarudisha. Uso ulikuwa umemwiva. Nikaona wakati umefika, nikaitoa barua yako mfukoni, nikamsomea mahali pamoja tu: kwamba mnapiga kama anavyoipiga yeye kwenye kaseti ya kwanza, na klabu nzima inasimama na kupiga kishindo.

"Mimi?" Akainuka. "Mimi nisimame? Sijawahi kusimama katikati ya tuni tangu nizaliwe, isipokuwa siku aliponishika yule..." Akakwama. Ni mara ya kwanza kulitaja, Ita, tangu Septemba. Mimi na Packie tulitazama sahani zetu. Halafu nikaona sura yake inabadilika polepole, kama mtu anayesikia kitu chumba cha pili.

"Shep," akasema.

"Nani?"

"Shep! Mbwa! Krismasi ile, nyama ilikuwa juu ya stuli inapoa. Ninapiga, namwona kwa jicho moja, anavuta kitambaa. Sikutaka kupiga kelele kwenye mashine ya Ita. Nikanyanyua upinde, nikamchapa teke, nikaendelea." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Yaani mnaniambia Chicago nzima inampiga teke mbwa wangu?"

Packie alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Alijifuta kwa kofia, akajaribu kuomba radhi, akasema "kila Alhamisi!" na kuanza upya. Mimi nilishika meza.

Baba hakucheka. Alikuwa amekasirika kwa namna ambayo sijaiona kwake miaka mingi, hasira nzuri, ya mtu mzima wa afya. "Watu wazima!" akasema. "Ukumbi mzima! Na huyo anayewaongoza, mwenye mkono kama ule, hakuwa na akili ya kujiuliza? Ni nani huyo?"

"Ita," nikasema.

"Ita gani?"

"Ita wetu. Alijifunzia kwenye chumba cha bomba, mashine iko juu ya ndoo."

"Nani alimfundisha?"

"Wewe."

Hakusema "aa", dada. Nilikuwa nasikiliza kwa ajili yako, na hakuisema. Alisimama akiitazama mashine. Kisha akaenda kwenye kiti, akaziondoa soksi moja moja, akaziweka juu ya bega langu. Akaitoa fidla msumarini. Uzi mmoja ulikuwa umelegea, akaukaza akinung'unika. Akaketi, akaipiga ile ya Shangazi Honor tangu mwanzo. Alipofika sehemu ya pili alinitazama mimi kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye klabu ya Chicago, akaipandisha tuni kilima chote bila kupumzika na kuishusha upande wa pili. Akarudia duru zote, mpaka mwisho wake. Packie alilia waziwazi, akadai ni mwiba wa kibua.

Nilinyoosha mkono kwenye kitufe cha kurekodi. Akaniona.

"Usiguse. Anayetaka kurekebishwa atakuja. Tuni hairekebishwi kwa posta."

Leo asubuhi Flannan alikuja mlangoni. Kijiji kizima kilishajua. Dirisha lilikuwa wazi na Bridie ana masikio. Alikuwa amebeba bango limekunjwa, la mwisho alilokuwa nalo, na sura ya mtoto aliyefutwa kamasi. Akaanza kusema habari ya samahani, paa na basi, vyote kwa pamoja. Baba akamwacha amalize.

"Umeandika kila jioni," Baba akamwambia. "Basi kila jioni nipo. Hapa jikoni. Hata wewe karibu, ukishafunga. Mikono uiweke mfukoni."

Sasa swali lako la Machi: usipande basi, nitakuja uwanja wa ndege na trekta ikibidi. Paa la chumba chako kweli linavuja, hilo halikuwa uongo, lakini nitalipanda kesho, na nikianguka, Packie atakupokea.

Baba ameniomba karatasi. Unajua hajawahi kuandika barua tangu Mama afariki, na hata hizo za zamani Mama ndiye aliandika. Amekaa nayo tangu chai ya saa nne, ameniambia nitoke nje nikaangalie ng'ombe. Nimekwenda kuwaangalia. Wazima, wanakusalimu.

Mdogo wako,
Senan


(Kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa)

Ita,

Mbwa alishakufa. Msimpige tena.

Mkono ni mzuri. Njoo Agosti, uje na fidla. Kiti kimekauka.

Baba